Safari za Kahigi Kwenda Mabira

Chonyonyo, Karagwe
8 Julai 2024

Mzee Elpidius,
Mabira.

Shikamoo Mzee.

Hunifahamu. Mimi ni Kokwijuka, binti wa Mzee Kahigi wa Nyakakika, yule mpiga nanga. Ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Chonyonyo. Jina lako nimelikuta kwenye kikaratasi ndani ya koti la baba, pamoja na namba ya simu. Nimepiga namba hiyo siku nne, inaita tu. Ndiyo maana nimempa barua hii dereva wa gari la kahawa anayepita huko kwenu.

Baba alifariki tarehe 3 Juni. Alikuwa anachuma kahawa, akasema kifua kinabana, akakaa chini, hakuinuka tena. Tulimzika tarehe 5. Sijawahi kuona watu wengi namna ile. Walijaa kibanjani, migombani mwetu, hadi kwa jirani. Kuna bibi alitoka Kaisho na mkongojo wake kuja kutuambia kwamba mwaka 1971 baba alipiga nanga kwenye harusi yake, na alipofika kwenye wimbo wa bi harusi kuagana na mama yake, watu waliokuwa wakigombea vibuyu vya pombe ya rubisi walisimama vilevile, vibuyu mkononi, wasimwage wala wasinywe. Alisema: "Nimezaa watoto tisa, lakini siku niliyojua nimezaliwa ni ile."

Sasa naomba nikuulize jambo zito. Kwa miaka kumi na tisa, kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, baba aliichukua nanga yake, ule ubao wa mti wa musambya wenye nyuzi nane, akaenda Mabira. Zamani kwa baiskeli, siku hizi kwa bodaboda. Alirudi Jumamosi. Hakuwahi kusema amempigia nani. Mama hakuuliza. Watu walisema ana mwanamke huko, na sisi watoto wake tuliyasikia hayo. Siku ya mazishi nilikuwa nikiwatazama wanawake waliolia, nikitafuta nisiyemjua.

Mzee, kama yupo, na kama ana watoto, hao ni ndugu zangu. Baada ya mavuno tutafanya ibada ya kumbukumbu nyumbani. Waje. Sitawafungia mlango.

Wako,
Mwl. Kokwijuka Kahigi


Mabira, Kyerwa
17 Julai 2024

Mwalimu Kokwijuka,

Marahaba, mwanangu.

Simu haikupokelewa kwa sababu ni ya binti yangu Nikuze, ninayeishi naye. Mimi ni kiziwi. Sisikii mlango, sisikii radi. Tangazo la msiba lilisomwa redioni na Nikuze alilisikia, akanificha. Alipoona namba ngeni inapiga aliogopa kupokea. Barua yako dereva alinikabidhi mimi mkononi, ndipo nikajua.

Tarehe 6 Juni nilikaa uani tangu saa nne asubuhi nikimngoja. Tarehe 4 Julai nikakaa tena. Nilidhani amekasirika.

Baba yako hakuwa na mwanamke Mabira. Hakuna mtoto. Nakuapia mbele ya Mungu. Zaidi ya hapo naomba unisamehe, sina ruhusa ya kusema.

Elpidius


Chonyonyo
25 Julai 2024

Mzee Elpidius, shikamoo.

Pole sana kwa kupata habari kwa njia ile. Kama ningejua, ningekuja mwenyewe.

Lakini barua yako imenikasirisha, na nakwambia wazi. Unasema huna ruhusa. Ruhusa ya nani? Aliyeweza kuitoa amelala chini ya migomba yetu.

Jumapili nilikwenda Nyakakika nikamsomea mama. Mama yangu, Benadeta, ana miaka sabini na mbili, na si mtu wa maneno. Alikuwa anachambua maharage. Akasema, "Huyo anamfichia mwenzake. Wanaume hufanya hivyo hata mmoja akifa." Kisha akasema: "Muulize tu kama mtoto wa huko anafanana naye. Nikijua hilo nitalala."

Miaka kumi na tisa alimfungia mume wake chakula cha njiani kila Alhamisi ya kwanza bila kuuliza anakipeleka kwa nani. Hili ndilo swali lake la kwanza. Utamjibu au utamwacha?

Kokwijuka


Mabira
11 Agosti 2024

Mwalimu,

Barua hii nimeiandika mara tano na kuichana mara nne. Msomee mama yako yote. Kuna mahali atakwambia uache. Muombe akusikilize hadi mwisho.

Elpidius ni jina langu la ubatizo. Jina langu la nyumbani ni Rwegasira.

Mimi na baba yako tulianza kutembea pamoja tukiwa vijana. Yeye alipiga, mimi niliimba. Mwaka 1983 tuliitwa kwenye harusi kubwa hapa Mabira. Watu walikuwa wamechangamka, wakataka niwachekeshe. Siku hizo kulikuwa na uvumi kwamba ng'ombe aliyepotea hapa ameonekana Nyakakika, kwenye zizi la Mzee Mugisha. Sikumuuliza mtu. Nilitunga palepale beti tatu, nikamtaja Mugisha kwa jina, nikamwita mwizi. Watu wakaanguka kwa kicheko. Mugisha ni baba wa mama yako. Alikuwa mkwe wa huyo aliyekuwa ameketi kulia kwangu akipiga nanga.

Baba yako alinigeukia akanitazama. Vidole vyake havikusimama. Hilo ndilo jambo ambalo hakujisamehe. Baadaye sana aliniandikia, "Ningelaza kiganja juu ya nyuzi, wimbo ungekufa palepale. Nilipiga hadi mwisho kwa sababu ulikuwa mtamu."

Wimbo ulifika Nyakakika kabla yetu. Watoto waliuimba wakienda kuteka maji. Mzee Mugisha aliacha kwenda kanisani, akaacha kwenda mnadani. Mwaka wa pili akafa. Alipokwisha kuzikwa, ng'ombe yule akapatikana ng'ambo ya mto. Aliyemuuza ni mtoto wa mwenye ng'ombe mwenyewe. Nilikwenda kuomba radhi. Mama yako alinikuta njiani, akainua mkono, akasema nisikanyage ardhi ya baba yake, na jina langu lisitajwe nyumbani kwake milele. Baba yako alisimama nyuma yake, kimya. Tukaachana hapo kwa miaka ishirini.

Mwaka 2005 niliugua homa ya uti wa mgongo. Nilipozinduka nilimwona Nikuze analia, nikamwambia alie kwa sauti nimsikie. Kumbe alikuwa analia kwa sauti.

Nilirudishwa nyumbani. Nikakataa kula, nikakataa kutoka nje. Mwezi wa tatu hivi tangu nirudi, baba yako alitokea njiani anasukuma baiskeli, nanga imefungwa nyuma. Hakunisalimu. Aliketi, akailaza nanga nusu magotini pake, nusu magotini pangu, akaichukua mikono yangu akaibandika chini ya ubao. Akapiga.

Mwalimu, sijui nikueleze vipi. Kwanza nilidhani ni mikono yangu inayotetemeka. Kisha nikaona mtetemo una hatua, unakwenda na kurudi, unangoja, unaruka. Ukapanda kwenye mifupa ya mikono hadi kifuani, ukakaa palepale ambapo zamani masikio yalikuwa yanapeleka. Niliutambua wimbo kabla haujafika katikati. Nililia kama mtoto mchanga, na yeye aliendelea kupiga, anatazama migomba, ili nisimwonee haya. Mimi nimeimba mbele ya machifu wa zamani na mbele ya maaskofu. Muziki nimeujua siku ile, nikiwa kiziwi.

Alikuja na daftari. Jioni aliandika: "Nimekuja kwa sababu katika nchi hii yote hakuna mwingine anayejua umepoteza nini."

Hakumwambia mama yako. Alisema akisema, itambidi ama aache kuja, ama avunje neno la mkewe. Nilimwambia watu wanadai ana mwanamke huku. Akaandika: "Waache. Hilo Benadeta anaweza kulisamehe." Akaniapisha nisiseme.

Na liko jingine. Tangu mwaka wa pili tulianza kutunga wimbo wa kumsafisha Mzee Mugisha. Maneno yangu, nyuzi zake. Alisema lazima uwe mtamu kuliko ule wa kwanza, la sivyo watu wataendelea kukumbuka ule. Akikosea nilitikisa kichwa, na yeye mwenye masikio alinitii mimi kiziwi, akarudia. Ulituchukua miaka kumi na saba. Beti kumi na nne. Tarehe 2 Mei mwaka huu tuliumaliza. Aliondoka akicheka. Alisema kahawa ikishaingia ndani atamketisha mama yako, ampigie, kisha amweleze yote.

Sasa wimbo huo hauko kwa mtu mwingine isipokuwa mimi. Nimeyaandika maneno yake, nayaweka humu. Mama yako ayasome au ayachome, ni haki yake.

Elpidius Rwegasira


Chonyonyo
30 Agosti 2024

Mzee,

Nilimsomea mama uani. Nilipofika kwenye jina lako aliinuka akaingia kibanjani. Nilimsikia anakata majani makavu ya migomba, anakata, anakata. Alirudi baada ya saa nzima, akaketi, akasema, "Endelea."

Nilipofika mahali ambapo vidole vya baba havikusimama, nilishusha karatasi. Mama akasema, "Najua hapo. Walikuja kuniambia kabla yeye hajafika nyumbani. Miaka arobaini namngoja aniambie mwenyewe."

Nikamuuliza, "Kwa nini hukumuuliza?"

"Angenijibu. Nilitaka aniambie."

Kuhusu safari za Mabira alisema kweli yake pia, nami nakuletea kama ilivyo: "Ningejua anakwenda kwa Rwegasira ningemfungia nje." Kisha akasema, "Alinijua."

Mimi nami nina la kuungama. Nikiwa darasa la kwanza tuliruka kamba kwa wimbo wa mzee mwenye zizi refu na ng'ombe wa watu. Jina lilikuwa limeshaanguka, wimbo umebaki. Siku moja nilikuja nikiuimba hadi jikoni. Mama alinichapa vibaya na hakunieleza sababu. Nimeijua sababu kwenye barua yako, nikiwa na miaka arobaini na tano.

Tangu hapo namfikiria baba kwa namna nyingine kabisa. Nilikuwa na hakika kwamba namjua: mpole, mvivu kidogo wa jembe, mwepesi wa kusahau. Huyu aliyebeba nanga kilomita zote hizo kwa baiskeli ili kiziwi mmoja asife, akakubali kuitwa mzinzi na kijiji kizima, sikuwahi kukutana naye. Nafundisha darasani, katikati ya hesabu nasimama, watoto wananitazama.

Karatasi ya beti kumi na nne mama hakuifungua. Ameiweka kwenye Biblia. Zimepita siku nane. Jana alinipigia simu: "Mwambie aje aimbe mwenyewe. Aliimba ule wa kwanza kwa mdomo wake mbele za watu. Na huu sitaki kuletewa kwa karatasi."

Ibada ni Jumamosi, 28 Septemba.

Kokwijuka


Mabira
9 Septemba 2024

Mwanangu,

Naogopa.

Tangu 2005 sijaimba mbele ya mtu. Nimemwomba Nikuze anisikilize, kisha aniandikie ukweli. Ameandika: "Baba, unaanza vizuri, halafu sauti inapotea njia, inakuja kurudi mbele kidogo." Nanga naweza kuifuata kwa mikono. Sauti yangu haina mahali pa kuishika.

Kahigi angecheka. Angesema nimezeeka na bado nataka kusifiwa.

Nitakuja. Nitapiga nanga yake kama mtaniruhusu. Yangu ililiwa na mchwa. Mwambie mama yako nitakaa popote atakaponiweka, hata nje ya ua.

Rwegasira


Mabira
1 Oktoba 2024

Mwalimu Kokwijuka,

Nashukuru kwa heshima mliyonipa. Nashukuru kwa kuniruhusu kushika nanga ya baba yako.

Namwomba radhi mama yako kwa kutibua ibada ya mumewe. Nilipokuwa beti ya kumi na mbili nilimwona amesimama, mkono juu, mdomo wazi, na watu wote wamemgeukia. Nilimwona hivyo mwaka 1985. Nikaelewa. Niliilaza nanga chini, nikaondoka kabla hajalazimika kunifukuza mara mbili. Ulipokimbia nyuma ya pikipiki nilikuona, lakini nilimpigapiga dereva begani asisimame. Sikutaka uone uso wangu.

Jambo moja tu naomba, kama una subira na mimi. Nilisikikaje? Niambie kweli kama unavyomwambia mwanafunzi. Sitakuandikia tena baada ya hapo.

Rwegasira


Nyakakika
5 Oktoba 2024

Mzee wangu,

Nimekuja nyumbani kwa mama mwisho wa juma hili kwa ajili ya barua hii tu. Yuko mbele yangu, anamenya ndizi, ananiharakisha.

Kweli unaitaka, nakupa. Ulianza vibaya. Nyuzi mbili zilikuwa zimelegea kwa kukaa tangu Juni, na sauti yako ilikuwa ya juu mno, kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde. Watu waliinamisha vichwa. Mchungaji alinitazama. Kuna vijana walianza kutabasamu, nami nikajuta kwa nini nilikuita, nikatamani ardhi ipasuke.

Beti ya tatu ulifunga macho. Sijui ulifanya nini hapo, lakini mikono yako iliacha kupapasa. Mzee, niliisikia mikono ya baba. Ile namna yake ya kuchelewesha uzi wa sita hadi mtu anaanza kuvuta pumzi, ndipo anaugusa. Hakuna mwingine aliyekuwa akifanya hivyo. Mzee Cassian, jirani yetu aliyemjua baba tangu wote wanachunga, alivua kofia akaiweka kifuani. Wale vijana wa kutabasamu walikuwa wa kwanza kuacha. Sauti yako ilipotea njia, ndiyo, kama Nikuze alivyokwambia, lakini kila ilipopotea nyuzi ziliifuata zikairudisha, na watu wakawa wanangoja ipotee ili waone inavyorudi. Nimekwenda kanisani maisha yangu yote. Kuogopa Mungu kwa mwili, nywele kusimama mikononi, nimekujua pale uani kwetu, kuku wakipita katikati yetu.

Ulipofika mahali ambapo Mzee Mugisha anaamka asubuhi, anafungua zizi, anaita ng'ombe wake mmoja mmoja kwa majina, wazee waliomfahamu walianza kusema majina yale pamoja nawe. Walikuwa wanayakumbuka. Kesho yake niliyafuatisha kwa kidole kwenye karatasi yako. Majina uliyaandika sawa yote.

Kila beti ulimaliza kwa jina la babu, ukanyamaza kidogo. Wewe ulidhani unanyamaza ili kuvuta pumzi. Sisi tulijua ni nafasi ya kuitikia. Lakini nani angethubutu kuitikia kabla ya mama? Beti kumi na moja hatukuitikia. Ulikuwa unaliita jina la Mugisha, linaanguka kimya, unaliita tena.

Beti ya kumi na mbili mama alisimama. Aliinua mkono kama wanavyofanya wanawake wa zamani wanapopokea wimbo, na akaitikia. Peke yake. Mzee, sijawahi kumsikia mama yangu akiimba. Kanisani hufungua kitabu tu. Ana sauti nzito kama ya mwanaume, na alikuwa akiitikia jina la baba yake kwa nguvu zake zote, ndiyo maana watu wote waligeuka.

Hakuwa anakufukuza. Alikuwa anakujibu.

Ulipoilaza nanga hakuna aliyeelewa. Tulidhani umezidiwa. Niliposikia pikipiki inawaka ndipo nikakimbia. Na mama, Mzee, hakuacha. Alibaki amesimama anaitikia wimbo ambao mwenyewe ameondoka, na sasa wakamfuata wote, ua mzima, hadi mlio wa pikipiki ulipozama kwenye kona ya kushuka bondeni. Ungekuwa na masikio ungetusikia hadi njia panda.

Alikesha amechukia. Asubuhi aliitoa karatasi kwenye Biblia akanipa nimsomee, beti hadi beti, ila mbili za mwisho alikataa. Sasa anataka aandikiwe yake. Namwandikia kama anavyosema, sibadilishi neno.

Kokwijuka

*

Rwegasira,

Beti ya tano umeimba kwamba baba yangu alikuwa na ng'ombe wanne. Walikuwa sita. Wawili walikuwa malishoni kwa shemeji yake mwaka ule, wewe usingewaona. Majina yao ni Kyozi na Bihogo. Rekebisha.

Zile mbili za mwisho sijazisikia. Njoo uzimalize, na safari hii ukae mahali ambapo unauona mdomo wangu.

Benadeta, mke wa Kahigi